Tangu maji yaje, bogenvilia zetu Tabora zimeacha kutoa maua

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndo mkubwa basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba usinipunguzie sana maana najua ni ndefu, ila hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu.

Wiki mbili zilizopita kuna msomaji mmoja wa hapahapa Tabora aliandika analalamika kwamba kapanda bogenvilia getini kwake, mwaka wa tatu huu, imekuwa kubwa mpaka imevuka ukuta, majani yanang'aa mabichi kabisa, lakini ua hata moja hakuna, akamalizia kwa kusema wauza miche wa Tabora ni matapeli tunawauzia watu dume. Mimi ni muuza miche. Nina kitalu changu Isevya pembeni ya barabara, mwaka wa kumi na nne huu. Aliyemuuzia huyo ndugu anaweza akawa mimi au mwenzangu, sio hoja, ninachotaka kumwambia yeye na wengine wote wanaonijia na malalamiko hayohayo ni kwamba bogenvilia sio mpapai, haina dume wala jike, kila mche unatoa maua. Kinachozuia maua ni ule mpira wa maji uliofungwa kwenye koki.

Watu wa Tabora wa umri wangu mnakumbuka maji yalivyokuwa. Bwawa la Igombe likishuka na bomba zinakauka, unaamka saa tisa usiku kutega ndoo, ukipata madumu matatu umeshukuru Mungu, sasa nani alikuwa na maji ya kumwagilia maua? Hakuna. Na mnakumbuka bogenvilia zilivyokuwa zinawaka? Mwezi wa saba, wa nane, vumbi limetanda, miombo imepukutika, mji mzima una rangi ya udongo, afu unakata kona unakutana na fensi imekuwa zambarau tupu huoni hata jani. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika, na sisi wanawake tuliobeba ndoo ndo tunajua hiyo koki ya uani ina maana gani, nashukuru kutoka moyoni. Ila sasa kila nyumba ina mpira, asubuhi maji jioni maji, maua yote yanapewa sawa, mchicha na bogenvilia wanakunywa pamoja. Pita njia ya kwenda Kitete saa hizi uangalie fensi, kijani tu kama migomba.

Bogenvilia kwao ni Amerika ya Kusini, Brazil na nchi za jirani zake, na inaizoea sana ile hali ya mvua ya kutosha afu kiangazi kikavu kabisa. Jina lenyewe ni la nahodha wa Ufaransa, Louis Antoine de Bougainville, aliyekuwa anazunguka dunia kwa meli, na kwenye msafara wake wa meli mbili alikuwepo mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, na watu wa msafara huo ndo waliukuta mmea huu pwani ya Rio de Janeiro mwaka 1767. Na kwenye meli aliyopanda Commerson kulikuwa na mwanamke, Jeanne Baret, kajivika nguo za kiume kwasababu wanawake walikuwa hawaruhusiwi, ndo alikuwa msaidizi wake Commerson wa kubeba na kukusanya mimea, na ndo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia nzima. Mimi hiyo habari huwa nawasimulia mabinti wanaokuja kitaluni kununua, nawaambia ua hili lina mkono wa mwanamke ndani yake.

Sasa turudi kwenye maji. Kile cha zambarau unachokiita ua sio ua, ni jani lililobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe kembamba kalikosimama katikati, ukichungulia utayaona yako matatu matatu, kila moja na jani lake. Mmea wenye maji mengi na chakula kingi kazi yake ni moja tu, kurefuka, unatoa matawi na majani ya kijani siku zote kwasababu hauna sababu ya kufanya kingine. Ukionja kiu ndo unaacha kurefuka unageukia maua. Nchi za mbali na ikweta kuna msimu usiku unakuwa mrefu sana na hiyo nayo inauambia mmea toa maua, lakini sisi Tabora tuko digrii 5 tu kusini ya ikweta, usiku na mchana vinakaribiana mwaka mzima, kwahiyo huku kwetu kiangazi ndo mwalimu mkuu. Mvua inakata mwezi wa nne au wa tano mwanzoni, ardhi inakauka, mwezi wa sita unaanza kuona rangi, inaenda hivyo mpaka wa kumi. Wewe ukishika mpira mwezi wa sita unaiambia bogenvilia kwamba mvua bado inanyesha.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yetu alipanda bogenvilia pale Ng'ambo pembeni ya bafu la nje mwaka 1986, mwaka aliozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Hakuwahi kuimwagilia hata siku moja, ilikuwa inapata yale maji ya kuoga yanayotoka kwenye kitundu cha ukuta, na kwa shida ile ya maji unaweza kufikiri yalikuwa kiasi gani. Kila mwaka ilikuwa inatoa maua mpaka watu wa harusi wanakuja kuomba matawi ya kupambia magari. Mama alipofariki mdogo wangu ndo alibaki kwenye nyumba, na koki ikawa imeshafungwa uani, basi akaanza kuumwagilia ule mti kila siku jioni akitoka kazini. Ndoo mbili. Alikuwa hasemi kwanini na mimi sikumuuliza, nilikuwa naona tu kwamba ni kama bado anamhudumia mama. Mwaka wa kwanza maua yakatoka machache upande mmoja. Mwaka wa pili hakuna kitu, majani tu makubwa kama viganja, na mdogo wangu akaanza kusema mti umegoma kwasababu mwenyewe hayupo.

Hilo neno liliniuma, kwasababu nilikuwa najua jibu na nilikuwa nashindwa kumwambia. Unamwambiaje mtu aache kumwagilia mti wa mama yake? Nikavuta muda mpaka mvua ilipokata mwezi wa tano mwaka uliopita, nikaenda nikakaa naye nikamwambia mdogo wangu, mama alikuwa haumwagilii, acha kabisa, usiuguse mpaka nikwambie. Wiki ya nne kanipigia simu usiku, "Dada umeniulia mti wa mama," majani yamelegea, mengine yanageuka njano yanadondoka. Nikaenda asubuhi yake nikakwangua gome kidogo kwa kucha, ndani kijani, nikamwambia mti uko hai, ndoo moja tu leo afu basi. Mwezi wa saba katikati ncha zikaanza kuwa nyekundunyekundu. Mwezi wa nane sikuamini mwenyewe, ulikuwa umefunika bati la bafu lote, na mdogo wangu katoa kiti kakaa pale anaangalia tu, hasemi.

Kwahiyo nikisema usimwagilie sisemi kwa kukisia. Ila nisieleweke vibaya, mche mchanga unahitaji maji. Ukipanda mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, mvua yenyewe itakulelea, ukipanda kiangazi utamwagilia kwa miezi ya mwanzo mpaka ushike. Ukishavuka mwaka ardhini basi anza kuuachisha kama mtoto ziwa. Mimi za kwangu zilizoko ardhini kiangazi kizima zinapata maji labda mara tatu, na nikitoa natoa mengi yazame chini, sio kunyunyizianyunyizia juu kila siku. Ya kwenye chungu ni tofauti maana udongo ni mdogo unakauka haraka, hiyo ingiza kidole mpaka nusu yake, kama kuna ubichi acha, kama pakavu mwagilia mpaka maji yatokee chini. Na chungu kiwe na matundu, jamani, watu wananunua vyungu vizuri vya bei afu havina tundu hata moja, mizizi inaoza. Wala usikimbilie chungu kikubwa, bogenvilia ikibanwa mizizi kidogo ndo inatoa maua vizuri zaidi.

La pili ni kukata. Hapa nina uchungu kwelikweli. Kuna ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, ina fensi ya bogenvilia ambayo wakubwa zetu waliipanda zamani, ndefu, na kila mwaka ikifika mwezi wa sita au wa saba wanatafuta kijana na panga anaifyeka yote iwe sawasawa kama ukuta kwasababu kuna mgeni rasmi anakuja. Yaani inakatwa wiki ileile ambayo ncha zinaanza kuiva rangi. Maua ya bogenvilia yanatokea kwenye matawi mapya, kule kwenye ncha, ukikata ncha muda huo umetupa maua ya mwaka mzima jalalani, na mgeni rasmi anakuja anaona vijiti. Nilimfuata kijana mmoja aliyekuwa anakata nikamwomba asubiri, akaniambia mama mimi nimetumwa tu, na ni kweli katumwa. Wanaotuma ndo naongea nao leo. Kateni mwishoni mwa mwezi wa kumi au mvua za kwanza zikidondoka, maua yakiwa yameisha, hapo mkate hata kwa nguvu, theluthi nzima itoke, itapata mvua yote ya masika ichipue upya. Mwezi wa nne mvua zikiwa zinaelekea kuisha rudini na mkasi mpunguze vincha kidogo tu ili matawi yawe mengi, kila kincha ukikikata kinatoa viwili vitatu, na kila kimoja kitabeba maua. Baada ya hapo weka mkasi ndani mpaka wa kumi tena.

Vaeni glovu na viatu, ile miiba sio ya mchezo, kidonda chake kinakaa kinauma siku nyingi, na matawi mliyokata msiyaache njiani watoto wanapita peku na bodaboda wanapata pancha. Mbuzi ukiwapa majani wanakula vizuri tu bila shida. Nasema hili la mbuzi kwasababu kuna watu wanaochukia miiba ndo wanang'oa bogenvilia wanapanda olianda, ule wa majani membambamembamba marefu na maua ya pinki au meupe. Olianda ni mzuri kwa macho ila ni sumu yote, jani, ua, tawi, likiwa bichi likiwa kavu, sumu ya moyo kabisa, na hata moshi wake ukichoma matawi ni hatari. Kama una watoto wadogo na mifugo tafadhali usiupande. Baki na miiba.

Wanaosema bogenvilia inaleta nyoka, kinacholeta nyoka ni panya, na panya anafuata takataka zilizorundikana chini. Safisha shinani, punguza matawi yanayogusa ardhi, umemaliza.

Mbolea nayo. Mtu ana mbolea ya kukuzia imebaki shambani, urea, anaona huruma anaimwagia bogenvilia, hiyo ni kuongeza majani juu ya majani. Samadi mbichi ya kuku ndo mbaya zaidi, mimi mwenyewe mwaka wa pili wa kitalu niliunguza miche ishirini na kitu kwa samadi ambayo haijaoza, nililia. Sasa sisi Tabora tuna bahati moja, kila nyumba ya mkulima ina mabaki ya mbolea ya tumbaku, ile NPK ya 10-18-24. Angalieni hizo namba, ya kwanza ni ya majani iko chini, ya mwisho ni potasiamu ambayo ndo inasaidia maua iko juu, bogenvilia ndo inaitaka hivyohivyo. Kijiko kimoja cha chakula kuzunguka shina la mti wa wastani, mbali kidogo na shina lenyewe, mvua zinapoanza na tena zinapokaribia kuisha, inatosha kwa mwaka. Majivu ya mkaa sio mabaya ila konzi moja tu, watu wanarundika majivu ya wiki nzima pale shinani mpaka udongo unakuwa mkali, majani yanapauka njano mishipa inabaki kijani. Bogenvilia inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Na mchanga wetu huu wa Tabora tunaouponda siku zote kwamba hauna rutuba, kwa bogenvilia ni mzuri sana kwasababu maji hayatuami.

Halafu jua. Najua Tabora ni mji wa miembe, na hakuna anayependa kivuli cha mwembe kuliko mimi, ila ukipanda bogenvilia chini ya mwembe umeifunga gerezani. Inataka jua la moja kwa moja sio chini ya masaa sita kwa siku. Nilishaitwa nyumba moja Cheyo kuangalia bogenvilia iliyoshindikana, nikakuta imepanda ndani ya mwembe imetafuta jua mpaka juu kabisa, maua yote yako juu huko ya kunguru, chini mwenye nyumba anaona fimbo tupu. Yule tulimsaidia, tulichukua vipandikizi tukapanda upande wa geti.

Wadudu sio wengi. Vile viwavi vidogo vya kijani vinavyokula kingo za majani vinakula usiku ndo maana huvioni mchana, chukua tochi uvitoe kwa mkono. Vidukari na wale weupe kama pamba, maji ya sabuni, nyunyiza na chini ya jani pia.

Kupanda kwa kipandikizi sio ngumu, ni uvumilivu. Chukua tawi lililokomaa, sio laini la kijani na sio lile la kizee, unene wa penseli au kidole, urefu wa rula ndogo hivi, lenye vifundo vitatu vinne. Chini kata mshazari ili usije ukaligeuza kichwa chini, maana likigeuzwa halioti. Toa majani. Chomeka kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, chenye mchanga na udongo wa kawaida, vifundo viwili viingie chini, weka kivulini, udongo uwe na unyevu ila usilowe. Afu uache. Watu wanang'oa kuangalia kama limetoa mizizi, ndo wanaliua hapo, mizizi ya bogenvilia ni myembamba inakatika kama nyuzi za buibui. Mwezi mmoja na nusu mpaka miwili na kitu ndo inashika. Ukiona kichipukizi wiki ya pili usifurahi bado, kinakula akiba ya kijiti tu. Na siku ya kuhamishia ardhini usiuvute mche kwenye kiriba, chana kiriba kwa wembe, shusha na udongo wake ulivyo. Ya zambarau ndo rahisi kuliko zote, nyeupe na ya machungwa zinasumbua, kati ya vijiti kumi nikipata vinne nimeshukuru, ndo maana bei yake iko juu, sio ulafi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikianza mimi na mdogo wangu tutaukata ule mti wa mama pale Ng'ambo, na matawi yatakuwa mengi kuliko ninavyoweza kupanda. Anayetaka kipandikizi apite kitaluni Isevya na viriba vyake au dumu la mafuta lililokatwa na kutobolewa chini, nitampa bure. Na yule ndugu aliyeandika kwamba tunauza dume, kama bado anasoma ukurasa huu, namwomba autoe ule mpira kwenye koki leo, asikate kitu, asitie mbolea, angoje. Ikifika mwezi wa nane bado ni majani matupu aje anichukue niende kwake niione kwa macho yangu, nauli ya bodaboda nitajilipia.

Muuza maua, Isevya, Tabora